Mgeni Njoo Uwanjani: Michezo na Ngoma kwa Vijana Wahamiaji

Waa iko kwenye barabara ya Likoni kwenda Ukunda, na vijana kutoka bara na nchi jirani hupita au kuhamia hapa wakitafuta kazi za hoteli, uvuvi na mjengo. Wengi hawana jamaa karibu. Uwanja wa mpira na kikundi cha ngoma vinaweza kumfanya mgeni awe mwenyeji, ila vina kikomo.

Funzo kutoka Kakuma

Mwaka 2016, wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi kambi ya Kakuma walishiriki Olimpiki ya Rio, katika timu ya kwanza ya wakimbizi yenye wanamichezo 10. Walifanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe, na Rose Nathike Lokonyen akabeba bendera. Kipaji walikuwa nacho tangu awali. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapa nafasi.

Funzo la nyumbani

Wazee wa Kimakonde walikuja Kwale kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Vinyago na ngoma zao zilipendwa, lakini watoto na wajukuu wao waliishi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Wapemba wakafuata mwaka 2023. Kupigiwa makofi hakumpi mtu uraia.

Tufanye nini?

1. Makocha: msiunde timu ya wageni dhidi ya wenyeji. Wachanganyeni, na kila mmoja apewe jukumu.
2. Vikundi vya ngoma: mgeni ajifunze sengenya, naye awafunze ngoma ya kwao.
3. Wasichana: mazoezi yaishe kabla ya giza, akiwepo mtu mzima wanayemwamini.
4. Stakabadhi: asiye na cheti cha kuzaliwa au kitambulisho aelekezwe kwa chifu. Mkimbizi aelekezwe kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la michezo na utamaduni; vitambulisho ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo kocha anayemjua kijana kwa jina ndiye huenda akawa wa kwanza kugundua kwamba hana karatasi. Asinyamaze.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa kikundi chako kinahitaji mwongozo, fika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako.