MADA NDOGO: NCHI INAPOBADILI SERA YA ULINZI, JIRANI HUITIKIAJE? JAPANI NA KOREA KUSINI

Swali la mfano: "Korea Kusini ilipinga mabadiliko ya ulinzi ya Japani na bado ikashirikiana nayo." Fafanua kauli hii kwa hoja tano.

Utangulizi

Jirani anapoongeza nguvu za kijeshi, nchi hutazama mambo matatu: yaliyopita kati yao, tishio lililopo sasa na washirika walio nao. Yashike haya matatu, kwani hoja zako zote zitatoka humo.

Japani ilibadili nini?

(a) Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947, katika ibara ya 9, ilikataa vita na kumiliki majeshi ya vita. Mwaka 1954 Japani iliunda Jeshi la Kujihami.

(b) Julai 2014 baraza la mawaziri la Shinzo Abe liliitafsiri upya ibara hiyo. Japani sasa ingeweza kumsaidia mshirika aliyeshambuliwa, iwapo shambulio hilo linahatarisha uhai wa Japani yenyewe. Sheria za kutekeleza uamuzi huo zilipitishwa Septemba 2015.

(c) Desemba 2022 serikali ya Fumio Kishida iliamua kupandisha matumizi ya ulinzi hadi asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027, na kuwa na makombora ya kupiga vituo vya adui ndani ya nchi yake.

Zingatia: Maneno ya ibara ya 9 hayakubadilishwa, ilibadilika tafsiri yake. Ukiandika "Japani ilibadili katiba" utapoteza alama.

Hoja za jibu

1. *Kumbukumbu ya ukoloni.* Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Wakorea wengi walilazimishwa kufanya kazi migodini na viwandani, na wanawake wakatumikishwa kingono na jeshi. Kwa hiyo habari ya Japani kujiimarisha kijeshi huamsha hofu Korea.

2. *Mamlaka juu ya Rasi ya Korea.* Ibara ya 3 ya katiba ya Korea Kusini inatamka kuwa rasi yote ni ardhi yake. Kombora la Japani likipiga Korea Kaskazini, kwa sheria ya Korea Kusini limepiga ardhi ya Korea. Tena jiji la Seoul liko takriban kilomita 50 tu kutoka mpakani, hivyo kisasi kingewaangukia wakazi wake. Ndiyo maana mwaka 2014 na 2022 Korea Kusini ilisisitiza kwamba Japani isichukue hatua inayoigusa rasi hiyo bila ridhaa yake.

3. *Mgogoro wa visiwa.* Korea Kusini inavishikilia visiwa vya Dokdo, ambavyo Japani huviita Takeshima na kuvidai. Hati ya usalama ya Japani ya 2022 ilirudia dai hilo, na Korea Kusini ikapinga.

4. *Tishio la pamoja.* Korea Kaskazini ilifanya jaribio lake la kwanza la nyuklia mwaka 2006, na Oktoba 2022 kombora lake lilipita juu ya Japani. Tishio hili liliwasukuma majirani hawa kutia saini, Novemba 2016, mkataba wa kubadilishana taarifa za siri za kijeshi.

5. *Mshirika mmoja.* Marekani ina wanajeshi katika nchi zote mbili. Agosti 2023 viongozi wa nchi hizi tatu walikutana Camp David na kuahidi kushauriana usalama wao unapotishiwa.

Hitimisho

Hoja 1 hadi 3 zinaeleza upinzani. Hoja 4 na 5 zinaeleza ushirikiano. Ziunganishe kwa neno moja: *ridhaa*. Korea Kusini ilikubali kushirikiana na Japani dhidi ya tishio la pamoja, lakini haikukubali mtawala wake wa zamani aamue peke yake juu ya vita katika ardhi ya Wakorea.

Mbinu ya mtihani: Kila hoja iwe na sababu, mfano na mwaka. Kuandika "kwa sababu ya historia" pekee hakutoshi; taja utawala wa 1910–1945 na athari zake.

Jipime

1. Tofautisha kubadili katiba na kuitafsiri upya, kwa mfano wa Japani.
2. Kwa nini kilomita 50 ni muhimu katika hoja ya pili?
3. "Adui wa pamoja hafuti kumbukumbu." Jadili.