Mwachie Nafasi ya Kukataa

Mwaka 2000, watafiti Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walieleza jaribio lao nchini Ufaransa: wapita njia waliombwa hela ya basi. Kwa ombi la kawaida, asilimia 10 tu walitoa. Walipoambiwa pia, "lakini uko huru kukubali au kukataa," walitoa asilimia 47.5.

Kwenye falsafa nilifundishwa kupanga hoja. Lakini hata hoja nzuri ikimbana mtu, anaacha kuipima, anaanza kutetea uhuru wake. Basi rafiki aliyeacha kuja jumuiya usimbane. Mweleze, kisha mwachie nafasi. Ila isiwe janja tu: akikataa kweli, kesho msalimie vilevile.