Mtungi wa Gesi wa Akiba: Namna ya Kuubeba na Kuutunza

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kuukagua mtungi wa akiba dukani, kuusafirisha hadi nyumbani kwa usalama, na kuuhifadhi hadi siku utakapohitajika.

Kwa nini somo hili

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mitungi midogo ya kilo 6 imekwisha kufika katika nyumba nyingi za vijijini, zikiwamo za nyanda za juu za Kigoma.

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, wengi hununua gesi siku wanapokwenda mjini kwa shughuli nyingine. Gesi, hata hivyo, haichagui siku ya kuisha. Aghalabu huisha sufuria ya maharage ikiwa nusu ya kuiva, na duka likiwa mbali. Kwa sababu hiyo, kaya zenye uwezo hununua mtungi wa pili na kuuweka akiba. Huo ni uamuzi wa busara, kwani wahenga walisema akiba haiozi.

Lakini akiba ya gesi si sawa na akiba ya mahindi. Wapiga mbizi wanaozama kwa kutumia mitungi ya hewa wanalielewa jambo hili vizuri. Anayebeba mtungi wa pili huufunga imara ubavuni au mgongoni, huhakikisha mkono wake unaifikia vali, na huujaribu kabla hajaingia majini. Anajua kwamba akiba isiyokaguliwa si akiba. Kanuni hiyo inamfaa pia mpishi wa Makere au Kitahana, kwa kuwa mtungi uliobebwa vibaya huweza kuleta moto nyumbani badala ya nafuu.

Kilichomo ndani ya mtungi

Gesi ya kupikia hukaa mtungini ikiwa kimiminika kilichoshindiliwa. Kimiminika hukaa chini, na mvuke hukaa juu, karibu na vali. Mtungi haujazwi hadi juu. Huachwa nafasi ili kimiminika kiweze kutanuka kinapopata joto.

Mtungi unaposimama wima, kinachofika kwenye vali ni mvuke. Unapolazwa, kinachofika hapo ni kimiminika. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu lita moja ya kimiminika ikitoka nje hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi. Uvujaji ambao ungekuwa mdogo mtungi ukiwa wima huwa mkubwa mtungi ukiwa umelala. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kubeba mtungi ni moja tu: usimame wima wakati wote, uwe umejaa au umekwisha.

Gesi hii, isitoshe, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kupotea, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Kwa asili haina harufu. Harufu kali tunayoisikia hutiwa makusudi ili ituonye.

Ukaguzi dukani

Kabla ya kulipa, fanya mambo manne.

1. Tazama kifuniko cha plastiki kilichofungwa juu ya vali. Kama kimekatika au kimelegea, omba mtungi mwingine.

2. Omba mtungi upimwe kwenye mzani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye chuma chake. Ujumlishe na uzito wa gesi unayonunua. Kwa mfano, mtungi mtupu wa kilo 7.4 ukitiwa gesi kilo 6 unapaswa kusoma kilo 13.4. Ukisoma pungufu, usiuchukue.

3. Kagua mwili wa mtungi. Uliobonyea sana, ulioliwa na kutu au uliopinda kitako haufai kusafirishwa.

4. Usikubali kujaziwa gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Hakuna mzani wala nafasi ya kutanukia inayozingatiwa katika ujazaji wa namna hiyo, na sheria hairuhusu.

Njia za kubeba

Kwa mkono: Shika mpini wa mtungi, kamwe usishike vali. Usiuburute wala kuuviringisha chini. Mtungi wa kilo 15 ukijaa hukaribia kilo 30. Ubebwe na watu wawili.

Kwa gari la wazi: Hii ndiyo njia bora. Mtungi usimame, ufungwe kwa kamba kwenye ubavu wa gari, na usiwekewe mzigo juu.

Kwa gari la abiria: Usiufungie mtungi kwenye buti. Gesi ikivuja humo hujaa bila mtu kutambua mapema. Mweleze dereva ulichobeba, madirisha yafunguliwe, na asiwepo anayevuta sigara.

Kwa bajaji: Mtungi usimame sakafuni, ukazwe usiyumbe, na pande zote mbili ziwe wazi.

Kwa baiskeli au pikipiki: Ushauri wetu ni kutoitumia pikipiki pale chombo kingine kinapopatikana. Isipokuwapo njia nyingine, beba mtungi mmoja tu wa kilo 6. Usimamishe ndani ya tenga au sanduku la mbao lililofungwa imara kwenye keria, uuzungushie gunia usigongegonge, na uwe mbali na bomba la moshi. Desturi ya kuulaza mtungi nyuma ya kiti na kuukaza kwa mpira ni ya hatari, hasa katika barabara zenye mashimo na utelezi wa masika. Abiria naye asipakate mtungi. Pikipiki ikianguka, huanguka pamoja nao.

Tunasisitiza kwamba mtungi uliokwisha haujawa mtupu kabisa. Mabaki ya gesi hubaki ndani. Funga vali yake na uubebe kwa tahadhari zile zile unapourudisha dukani.

Baada ya kufika nyumbani

Usiuingize mtungi ndani mara moja. Uache nje kivulini, kisha paka povu la sabuni kuzunguka vali. Viputo vikitokea, mtungi unavuja. Uache uwanjani, mbali na moto, na umwarifu muuzaji. Usijaribu kamwe kwa kiberiti.

Mtungi wa akiba usikae karibu na mafiga, uvunguni mwa kitanda, wala katika stoo isiyo na dirisha. Uweke mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, juu ya ardhi iliyo sawa, watoto wasipofika. Nyumba nyingi za nyanda hizi zimejengwa kwenye miteremko. Angalia basi upande wa chini kuna nini: gesi ikivuja itateremka kuelekea huko, na huenda huko ndiko liliko jiko la jirani.

Ukisikia harufu ya gesi

Usiwashe wala kuzima taa, na usitumie simu ukiwa ndani. Zima moto wote, funga vali kama unaifikia bila hatari, fungua milango na madirisha, watoe watu wote nje. Ukiwa mbali na nyumba, piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Haki yako

Kupimiwa gesi mbele ya macho yako ni haki, wala si hisani ya muuzaji. Ukinyimwa, au ukiuziwa mtungi uliopungua uzito, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) au Wakala wa Vipimo. Tunza risiti, kwani ndiyo shahidi wako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtungi usilazwe hata kama gesi imekwisha?

2. Mtungi mtupu una kilo 7.1 na umenunua gesi kilo 6. Mzani unapaswa kusoma kilo ngapi?

3. Mtungi wako wa akiba umewekwa wapi leo, na gesi ikivuja itaelekea upande gani?

Swali la tatu lijibiwe kwa kwenda kutazama. Kama jibu halikuridhishi, hamisha mtungi leo hii.