Waterloo iwe mizani yako

Filamu za makala kuhusu vita vya Napoleon ni nyingi, na nyingi zinafanana: ngoma nzito, farasi wakipasua moshi, sauti nene ya msimulizi. Mtazamaji asiyesomea historia atajuaje ipi imefanyiwa kazi na ipi imepambwa tu? Usihangaike kujifunza vita vyote vya miaka ile. Chagua pambano moja, lijue kama unavyoujua mtaa wako, kisha kila filamu ipime kwa hilo. Mimi nashauri Waterloo, 18 Juni 1815, kwa sababu ni nadra filamu ya Napoleon ikaliruka, na hapo ndipo uzembe wa watengenezaji unapoonekana upesi.

Anza na ardhi. Wellington, kamanda wa jeshi lililomkabili Napoleon, aliweka askari wake wengi nyuma ya mgongo wa kilima cha Mont-Saint-Jean, upande wa mteremko ambao Wafaransa hawakuweza kuuona. Usipouelewa mgongo ule, hutaelewa kwa nini mizinga ya Napoleon haikulivunja jeshi lile mapema. Leo uwanjani hapo kuna kilima kirefu cha kutengenezwa, chenye sanamu ya simba kileleni. Kilijengwa miaka ya 1820 kwa amri ya Mfalme wa Uholanzi, na udongo wake mwingi ulichotwa palepale, kwenye ule mgongo. Mtangazaji makini hulisema hilo kwanza, kisha hukufunulia ramani ya zamani. Asiyejua husimama juu ya kilima hicho, akanyoosha mkono na kutangaza kwamba hivi ndivyo Wellington alivyoona. Ukisikia hivyo, kila atakachosema baadaye kuhusu nani alimwona nani kipokee kwa tahadhari.

Kutoka kwenye ardhi nenda kwenye matope. Mvua kubwa ilinyesha mchana na usiku wa tarehe 17, na Napoleon hakuanza mashambulizi hadi karibu saa tano na nusu asubuhi. Tufe la mzinga wa wakati ule lilikuwa chuma kitupu, lisilolipuka. Liliua kwa kudunda ardhini na kupita katikati ya safu za watu, na kwenye tope lilizama. Makombora ya kulipuka yalikuwepo, lakini kazi kubwa ilifanywa na chuma kile. Kwa hiyo hesabu milipuko. Ikiwa kila mzinga ukilia moto unaruka hadi juu ya miti, ujue waigizaji wanacheza vita vya karne nyingine kwa sare za enzi ya Napoleon. Tazama pia umbali: bunduki za gumegume hazikuwa na shabaha ya kutegemewa zaidi ya mita mia moja hivi, na baada ya mikupuo michache ya risasi moshi wa baruti ulifunika kila kitu. Uwanja unaoonekana wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho si Waterloo.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni saa ya ukutani: nani amepewa dakika ngapi. Jeshi la Wellington lilikuwa na watu wapatao 68,000, na Waingereza hawakufika nusu. Waliobaki walikuwa Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani wa Hanover, Brunswick na Nassau. Kuanzia alasiri Waprusia wa Jenerali Blücher, washirika wa Wellington, walimiminika upande wa mashariki, wakapigania kijiji cha Plancenoit nyumba kwa nyumba, na Napoleon akalazimika kupeleka huko sehemu ya Gadi yake, kikosi chake teule. Sasa hesabu: katika filamu ya saa nzima, Plancenoit imepewa dakika ngapi? Kama Waprusia wanatokea mwishoni kwa sentensi moja, hiyo imetengenezwa kumfurahisha mtazamaji wa Uingereza. Ipo pia simulizi ya upande wa pili, inayomtwika Marshal Grouchy, kamanda wa Napoleon aliyeshindwa kuwazuia Waprusia hao, mzigo wote wa kushindwa. Nayo ipime kwa saa hiyohiyo.

Picha nazo zina umri wake. Mchoro maarufu wa farasi weupe wa Scotland wakija mbio kumkabili mtazamaji ulichorwa na Lady Butler mwaka 1881, miaka 66 baada ya vita. Umati mkubwa wa askari unaouona unaweza kuwa umeazimwa kutoka filamu ya Sergei Bondarchuk ya 1970, iliyopigwa Ukraine kwa msaada wa maelfu ya askari wa Kisovieti. Kuazima si kosa. Kosa ni kunyamaza, mtazamaji akabaki akidhani anaona ushahidi.

Vivyo hivyo kwa maneno. Barua nyingi za maofisa wa Kiingereza zinazosomwa kwa sauti ya huzuni ziliandikwa miaka ya 1830, Kapteni William Siborne alipowaomba waliokuwepo wamweleze walichokiona. Filamu nzuri hutaja mwaka wa barua. Filamu nzuri pia huwaacha wataalamu wabishane, kwa mfano juu ya nani hasa alianzisha yale mashambulizi ya farasi ya Marshal Ney wa Ufaransa dhidi ya miraba ya askari wa miguu. Wote wakisema kauli moja, mhariri amekata kitu.

Mwisho, angalia filamu inaishia wapi. Nyingi huzima taa Napoleon anapokimbia. Lakini majeruhi walilala uwanjani kwa siku kadhaa, na shamba la Mont-Saint-Jean lilikuwa hospitali. Mwaka 2022 wachimbaji wa mambo ya kale walipata hapo kiunzi cha mtu mzima, mifupa ya viungo vilivyokatwa, na farasi waliozikwa karibu yake. Filamu inayokaa na watu hao, hata kwa dakika tano, mimi huitazama mara ya pili.