KATI YA LENZI NA FAILI: PICHA HUPOTEZA NINI?

Katika somo la fizikia wanafunzi hujifunza kwamba lenzi mbinuko hukusanya miale ya mwanga na kufanya taswira. Mara nyingi somo huishia hapo. Lakini katika kamera za siku hizi, zikiwamo zile zilizomo ndani ya simu, taswira ya lenzi ni mwanzo tu wa safari. Taswira hiyo hupimwa, hugeuzwa kuwa tarakimu, hubanwa, kisha huwekwa katika faili. Katika kila hatua jambo fulani huweza kupotea. Makusudi ya makala hii ni kueleza ni nini kinachopotea, kinapotelea wapi, na kwa nini kikishapotea hakirudi.

Ili maelezo yasiwe ya hewani, tuchukue mfano wa jani la muhogo. Mwaka 1936 mtaalamu H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Tanganyika, alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo. Ugonjwa wa batobato huyakunja majani na kuyaharibu umbo, lakini huu wa michirizi huweza kuliacha jani na umbo lake la kawaida. Dalili yake katika jani ni rangi ya manjano hafifu kandokando ya mishipa, huku mizizi ikioza ndani kwa ndani. Mkulima asiyeitambua dalili hiyo huweza kukata vipando kutoka katika shina gonjwa na kuupeleka ugonjwa katika shamba jipya. Sasa tuseme mwanafunzi amepiga picha ya jani hilo na kumpelekea bwana shamba aliye mbali. Je, ile manjano hafifu itafika?

Hatua ya kwanza: lenzi

Tukiita umbali wa fokasi f, umbali wa kitu u, na umbali wa taswira v, kanuni ya lenzi ni hii:

1/f = 1/u + 1/v

Chukua lenzi yenye fokasi ya milimita 50. Kwa mlima ulio mbali sana, taswira hufanyika milimita 50 nyuma ya lenzi. Kwa jani lililo milimita 500 mbele yake, kanuni inatupa v = milimita 55.6. Kwa hiyo lenzi sharti isogezwe mbele kwa milimita 5.6, la sivyo kila nukta ya jani itaonekana kama duara dogo badala ya nukta. Maduara hayo yakipandana, mshipa wa jani na manjano iliyo kando yake huchanganyika. Hilo ndilo potezo la kwanza, na hakuna kazi ya baadaye inayoweza kulirudisha kwa ukamilifu.

Jambo la pili ni tundu la lenzi. Wapiga picha hulipima kwa namba inayopatikana kwa kugawa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye namba 2 ina tundu la milimita 25; kwa namba 4 tundu ni milimita 12.5. Kwa kuwa eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha kipenyo, tundu la pili hupitisha robo tu ya mwanga wa lile la kwanza. Tundu dogo lina faida yake: vitu vya karibu na vya mbali huonekana vyema kwa pamoja. Lakini hudai muda mrefu zaidi wa kupokea mwanga, na katika muda huo jani huweza kutikiswa na upepo.

Tena, lenzi moja ya kioo haipindi rangi zote kwa kiasi kimoja. Buluu hupindwa zaidi kuliko nyekundu, na pindo za rangi hujitokeza kandokando ya vitu. John Dollond wa Uingereza alipata hataza mwaka 1758 kwa lenzi iliyounganisha vioo vya aina mbili ili kupunguza kasoro hiyo. Hii ni sababu mojawapo ya lenzi nzuri ya kamera kuwa na vipande kadhaa vya kioo.

Hatua ya pili: kihisi

Zamani taswira iliangukia filamu yenye kemikali. Leo huangukia kihisi, yaani bamba dogo lenye mamilioni ya vijumba vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Msingi wa vihisi vya kwanza uliwekwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya tarakimu yenye vijumba 100 kwa 100, yaani 10,000 tu, iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti.

Kijumba cha kihisi hakijui rangi. Hupima wingi wa mwanga tu. Ndiyo maana juu ya vijumba huwekwa vichujio vya rangi. Katika mpango uliopewa hataza mwaka 1976 kwa jina la Bryce Bayer, nusu ya vijumba hupewa kichujio cha kijani, robo chekundu na robo cha buluu. Kila kijumba hupima rangi moja, na zile mbili nyingine hukadiriwa kutokana na majirani zake. Msomaji aone basi kwamba sehemu kubwa ya rangi za picha ni makadirio, ingawa ni makadirio mazuri.

Kipimo cha kila kijumba huandikwa kwa tarakimu za 0 na 1, ziitwazo biti. Biti 8 hutoa ngazi 256 za mwanga, na biti 14 hutoa ngazi 16,384. Tofauti ndogo kati ya kijani na manjano hafifu huweza kuwa bayana katika ngazi 16,384, lakini ikafifia au kutoweka katika ngazi 256.

Hatua ya tatu: faili

Picha yenye nukta 6,000 kwa 4,000 ina nukta milioni 24. Tukitumia baiti 3 kwa kila nukta, moja kwa kila rangi ya msingi, tunapata baiti milioni 72. Huo ni mzigo mkubwa; kwa hiyo picha hubanwa. Zipo njia mbili za kubana.

Njia ya kwanza haipotezi kitu. Badala ya kuandika 7 7 7 7 7 7 3, tunaweza kuandika "6 mara 7, kisha 3". Maneno ni machache, lakini habari ni ile ile. Faili za PNG, zilizoanza mwaka 1996, hubanwa bila kupoteza, ingawa kwa ufundi mkubwa kuliko mfano huu.

Njia ya pili hupoteza kwa makusudi. Maarufu kuliko zote ni JPEG, iliyokubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1992. Kwanza hutenga mwangaza na rangi. Kwa kuwa jicho la binadamu huona mabadiliko ya mwangaza vizuri kuliko ya rangi, mara nyingi habari za rangi hupunguzwa. Kisha picha hukatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, na kila kipande huelezwa kwa namba 64 zinazoonyesha mabadiliko yake ya polepole na ya haraka. Namba hizo hugawanywa, kisha hukadiriwa kuwa namba kamili. Hapo ndipo upotevu ulipo. Kwa mfano, 47 tukiigawa kwa 10 na kukadiria tunapata 5. Tukirudisha kwa kuzidisha tunapata 50, si 47. Nayo 4 hugeuka kuwa 0 na kutoweka kabisa.

Kwa picha ya harusi hasara hiyo haionekani. Kwa jani letu mambo ni mengine: dalili yenyewe ni badiliko dogo la rangi katika eneo jembamba, yaani aina ile ile ya habari ambayo JPEG huitoa kafara kwanza.

Hapa lazima tusahihishe dhana iliyoenea. Kufungua au kunakili faili ya JPEG hakupunguzi ubora wake. Ubora hupungua picha inapohaririwa na kubanwa upya. Aidha, programu nyingi za kupelekeana ujumbe huipunguza na kuibana picha tena kabla ya kuituma. Ikitumwa kama hati, kwa kawaida hufika ilivyo.

Yapo pia mafaili ghafi, ambayo huhifadhi vipimo vya kihisi kabla ya kamera kukadiria rangi na kubana. Picha yetu ya nukta milioni 24 kwa biti 14 hudai baiti milioni 42 kabla ya kubanwa. Ni mzigo, lakini ndiyo kumbukumbu iliyo karibu zaidi na ushahidi wa awali.

Mafunzo

Kila hatua hupokea kile tu ilichoachiwa na hatua iliyotangulia. Kwa hiyo picha inayokusudiwa kuwa ushahidi wa kisayansi ilindwe tangu mwanzo: jani lisogelewe badala ya kukuzwa kwa tarakimu, lishikiliwe lisitikisike katika mwanga wa kutosha, na faili ya kwanza ihifadhiwe bila kuguswa. Masahihisho yote yafanywe katika nakala.

Jaribio

Simama ukutani mkabala na dirisha, na kwa kioo cha kukuzia upate taswira ya dirisha hilo juu ya karatasi nyeupe. Pima umbali kati ya kioo na karatasi. Huo unakaribia umbali wa fokasi. Eleza kwa nini taswira imepinduka. Usiuelekeze mkono wala jicho lako katika jua kupitia kioo hicho.

Maswali

1. Lenzi ya fokasi ya milimita 50 inatazama mti ulio mita 2 mbele yake. Tafuta umbali wa taswira.
2. Lenzi hiyo ikiwekwa namba 8, kipenyo cha tundu ni kiasi gani?
3. Picha ya nukta 4,000 kwa 3,000 imehifadhiwa katika faili ya baiti milioni 4. Imebanwa mara ngapi, ikiwa kila nukta ilikuwa na baiti 3?

Majibu: (1) milimita 51.3, (2) milimita 6.25; (3) mara 9.