Kabla ya Kujenga Pwani, Pima Umbali wa Kisima na Choo

Wengi wanaojenga nyumba za kisasa Pwani huanza na madirisha makubwa, varanda inayoelekea baharini na rangi ya vigae. Mimi kama daktari huanza na kisima na shimo la choo, kwani maradhi mengi ya tumbo huanzia hapo.

Sehemu kubwa ya ufuo kuanzia Diani hadi Kilifi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huu una nyufa na matundu mengi. Kwenye udongo mzuri, maji taka huchujwa polepole na vijidudu vingi hufa njiani. Kwenye matumbawe, maji hayo yaweza kupita mbio kama ndani ya bomba, na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini vikafika kisimani vikiwa hai.

Ploti nyingi za mjini ni futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Kisima hutakiwa kiwe angaa mita 30 kutoka kwa shimo la choo, na penye nyufa hata umbali huo si dhamana. Sasa pima ploti yako: kutoka pembe moja hadi ile ya mkabala ni mita 34 tu. Na shimo la jirani je? Huenda liko nyuma ya ukuta wako.

Kwa hivyo, msomaji, zingatia haya:

1. Ploti ikiwa ndogo, usitegemee kisima kwa maji ya kunywa. Weka paa la mabati au vigae, mifereji na tangi. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita 100 za mraba hukupa takriban lita 800. Maji ya kwanza yaache yamwagike, na ya kunywa yachemshe.

2. Kisima kilichopo kitumie kwa kufua na kusafisha choo. Ukivuta maji kupita kiasi, ya bahari huingia. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, ambayo humdhuru mwenye shinikizo la damu.

3. Tangi la maji taka lijengwe kwa saruji, lisivuje, na liwe mahali ambapo lori la kunyonya uchafu litafika. Shimo la kupokea maji yake lisichimbwe hadi kukuta maji. Pima wakati wa masika na bamvua, maji ya ardhini yanapopanda.

4. Funika matangi yote na uweke wavu kwenye mabomba ya hewa. Chikungunya iliyokumba Mombasa kati ya 2017 na 2018 ilienezwa na mbu wanaozaana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba.

Mwonyeshe afisa wa afya ya umma ramani yako kabla fundi hajaanza kuchimba. Dirisha laweza kubadilishwa baadaye, lakini shimo lililochimbwa pabaya litakudhuru wewe na jirani yako kwa miaka mingi.