Mwanachuo na Kisomo cha Watu Wazima

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wengi wa kisomo walikuwa watu wa kujitolea. Watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Mwanachuo wa Rungwe atakaye kujitolea leo hana budi kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, apange saa pamoja na wanakisomo. Kumwita mkulima wa chai wakati wa kuchuma ni kumfukuza.

Pili, aanze na jambo wanalolihitaji. Aandike ubaoni mfano wa stakabadhi ya majani mabichi: tarehe, kilo, fedha. Kisha kila mmoja asome kilo zake mwenyewe na kujumlisha za juma zima. Ajuaye kuhakiki karatasi yake hapunjwi kwa urahisi.

Tatu, asiahidi kuliko awezavyo. Mtu mzima huingia darasani baada ya kuishinda haya yake. Mwalimu akitoweka mitihani ya chuo ikikaribia, mwanakisomo hudhani kosa ni lake, wala harudi tena. Yafaa kuahidi jioni moja tu kwa juma, na kumwandaa mwenzako wa kushika nafasi yako.

Zoezi: Andaa somo la dakika 40 kwa kutumia stakabadhi hiyo. Utamsaidiaje mzee ajuaye tarakimu lakini asiyeweza kuandika jina lake?